Bakuli la Bernadette na Bei ya Goti

Mpendwa Bibi Almeda,

Pokea salamu za mtu ambaye hajawahi kuliandikia gazeti hili isipokuwa mara moja kutangaza bata mzinga aliyepotea, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana najua utanigombeza, nimekusoma kila Alhamisi kwa miaka kumi na tisa na mara nyingi nimekuwa upande wako, nikisema peke yangu jikoni, "Mpe, Bibi, mpe vidonge vyake," na sasa naona zamu ya vidonge imenifikia mimi.

Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, naishi Tarbox, na kama umewahi kula maharage ya shimoni kwenye chakula chetu cha Jumamosi pale chini ya kanisa basi umekula mkono wangu, kwa sababu ni mimi ninayeyaloweka, ni mimi ninayepima sharubati ya miwa na nyama ya chumvi, na ni mimi ninayesimamia wanaume wakifukia chungu kwenye makaa, na fedha yote kwa miaka ishirini na mbili imekwenda kwenye hospitali yetu, vitanda, mapazia, kiti cha magurudumu, na kubwa kuliko yote ni ile mashine ya MRI, ya kupiga picha za ndani ya mwili, ambayo hatukuinunua yote lakini tulichangia vya kutosha mpaka wakatubandikia kibao cha shaba ukutani, na jina langu liko la tatu kutoka juu, Bibi, nalifuta vumbi kila nikipita.

Sasa mume wangu Del, aliyekuwa dereva wa gari la kuondoa theluji la mji, goti lake la kulia limekwisha, tangu Januari analala kwenye kochi la sebuleni kwa sababu ngazi zimemshinda, na mimi nalala juu peke yangu nikimsikia anavyoguna kila akijigeuza, na daktari wetu pale hospitali akasema lazima kwanza apigwe MRI ndipo wajue kama goti ni la kutengeneza au la kubadilisha, nikasema sawa, si mashine ni yetu, tutaikalia kama kiti cha nyumbani.

Basi binti yangu alipokuja akaniuliza, "Mama, umeuliza bei?" nikamwambia mwanangu, hospitali haiulizwi bei, ile si duka la viatu, naye akacheka akachukua simu yake, akaniambia siku hizi sheria ya jimbo inazilazimisha hospitali kuweka bei zao wazi, mtu yeyote anaweza kuzisoma, akanifungulia, Bibi, nikavua miwani nikaifuta nikaivaa tena, MRI ya goti hapa Tarbox, dola elfu tatu na mia nne, na MRI ya goti lile lile kwenye kliniki ya Kennard, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, dola mia nane na ishirini, na bima yetu ni ile ambayo haianzi kulipa mpaka kwanza wewe mwenyewe uishe, kwa hiyo hizo ni zetu, zinatoka kwenye kopo letu.

Nikamwambia Del, nikidhani atakasirika kwa niaba ya hospitali, akasema, "Verna, mimi nilizunguka miji mitatu kutafuta bei nzuri ya tairi za theluji, na wewe ulinisifu mbele za watu. Twende Kennard." Nikamwambia watu wataonaje, akasema, "Goti ni langu, kelele ni zako," akarudi kwenye kochi.

Hapa ndipo ninapofika kwa Bernadette. Bernadette ni shoga yangu wa miaka arobaini, nyumba yake na yangu zinagawana uzio, tumelea watoto pamoja na tumezika wazazi pamoja, naye ndiye anayekaa kwenye dawati la karatasi za wagonjwa pale hospitali, barua zote za madaktari zinazoingia na kutoka zinapita mikononi mwake, na mtu akitaka kujua bei yeye ndiye anayemwandikia, na kwenye maharage yeye ndiye wa kachumbari ya kabeji, hatujawahi kufichana kitu ila nilipovunja kikombe cha mama yake, na hata hicho nilikiri baada ya mwaka.

Sasa ningemwambiaje kwamba mimi, wa tatu kutoka juu kwenye kibao, naikimbia mashine yangu mwenyewe? Na hasa kwa vile Bwana Lyle, mkurugenzi waliyetuletea baada ya lile shirika kubwa la mjini kuinunua hospitali miaka mitatu iliyopita, alisimama kwenye chakula cha Jumamosi akiwa na sahani yangu ya maharage mkononi akasema, "Kila anayekwenda Kennard anaizika hospitali yetu," watu wakapiga makofi, mimi nikapiga, Bernadette alikuwa anaikoroga kachumbari yake kana kwamba imemkosea.

Kwa hiyo nikadanganya. Nilimwambia Bernadette tunakwenda pwani kumwona Everett, binamu yake Del, kwamba figo zinamsumbua, hali si nzuri. Everett, Bibi, hana figo mbaya wala nini, Everett ana miaka sabini na anapasua kuni mwenyewe, lakini ndiye aliyenijia mdomoni. Na Bernadette alivyo, kesho yake asubuhi tukiwa tunapasha gari moto akatokea na bakuli lake la kioo, tambi na jodari, bado la moto, amelifunga taulo, ndani ya taulo ametia uma mbili na vitambaa vya kufutia mikono, akaniambia, "Pelekeni hiki," kisha akainama dirishani kwa Del akamwambia, "Pale daraja la kiwanda cha mbao pameganda barafu, upunguze mwendo." Maskini shoga yangu, nikajisemea, daraja la kiwanda cha mbao liko njia ya Kennard, si ya pwani, anaanza kuchanganya mambo, na kwa bahati tulikuwa kweli tunapita huko, Del akapunguza mwendo na kweli palikuwa kioo kitupu.

Tulilila lile bakuli, Bibi. Kwenye maegesho ya kliniki ya Kennard, madirisha yamejaa mvuke, Del amemaliza kipimo chake na ana njaa ya tangu asubuhi, tukala tambi za mgonjwa ambaye si mgonjwa, na zilikuwa tamu mno, hapo ndipo nilipolia.

Uongo nao ukaanza kuota mizizi. Jumapili Bernadette akanyanyua mkono kanisani wakati wa maombi akaomba Everett awekwe kwenye orodha, Mchungaji akamwandika, na sasa ni Jumapili ya nane Tarbox nzima inamwombea Everett, bibi mmoja wa miaka tisini amemfumia soksi. Na Bernadette kila tukionana, "Goti la Everett linaendeleaje?" nami namrekebisha, "Figo, shoga, ni figo," naye anasema, "Ah, figo, ndiyo," halafu wiki inayofuata tena goti, mpaka nimeanza kuwa na wasiwasi na kumbukumbu zake, mama yake alianza hivyo hivyo. Na bakuli lake sijalirudisha, liko juu ya friji yangu, jina lake kwenye utepe chini yake linanitazama kila nikinywa kahawa, na wewe unajua kwetu huku bakuli la mtu halikai zaidi ya wiki mbili wala halirudi tupu, lakini kila nikilishika nafikiria nitasema nini, nalirudisha juu.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka kufa, lakini mambo mawili yamekuja pamoja. La kwanza, goti ni la kubadilisha, na Kennard wanalifanya na bei wameiandika yote kwa ujumla, na ukiiweka kando ya bei ya hapa, tofauti yake unanunua gari lililotumika ambalo bado linakwenda. La pili, kule Augusta, kwenye bunge la jimbo, kuna mswada, unataka hospitali zinazoficha bei zitozwe faini, na unataka jimbo lichunguze kwanza kabla shirika kubwa halijainunua hospitali ndogo, na wananchi wanaitwa kwenda kutoa maoni tarehe ishirini na mbili mwezi huu, na Bwana Lyle amenichagua mimi, mama wa maharage, nikaseme kwa niaba ya Tarbox kwamba hatuutaki. Hotuba imeshaandikwa. Aliyeniletea ni Bernadette, akaiweka mezani bila hata kukaa, akasema, "Wameniambia nikuletee. Isome. Ukiona mahali hapasemi kweli, kalamu unayo." Nadhani alimaanisha makosa ya uandishi, na kweli kuna moja. Akaongeza, "Mimi siwezi kwenda, Verna. Nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu," akaondoka. Na kwenye ile hotuba mstari wa kwanza unasema, "Sisi wa Tarbox hatuhitaji orodha za bei, kwa sababu tunaiamini hospitali yetu."

Nitausomaje mstari huo kwa mdomo uliokula jodari Kennard? Na nisipousoma, Bernadette atajua, na Everett mwenyewe anakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi kuvua samaki, analala kwetu, na atataka maharage, na ataingia pale chini ya kanisa na mashavu yake mekundu. Del anasema nimwambie Everett akohoe. Bibi, mimi fedha naweza kuzikosa na hotuba naweza kuikosa, lakini Bernadette siwezi. Nikimwambia atasema niliisaliti hospitali anayoifanyia kazi na juu yake nikamlia chakula chake. Nifanyeje? Tafadhali badilisha majina.

Wako aliyejifukia shimoni mwenyewe,
Mama Maharage, Tarbox

*

Mama Maharage, mwanangu (nina miaka themanini na moja, kila mtu ni mwanangu),

Majina nimebadilisha. Nimebadilisha mpaka la bata mzinga. Lakini maharage ya shimoni, kibao cha shaba, mume mwenye goti na binamu anayefumiwa soksi, hivyo sikuweza kuvibadilisha bila kuitupa barua, na huko kwenu hata paka atakutambua. Kwa hiyo nimekutumia nakala ya jibu hili kwa posta, itakufikia Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi. Una siku tatu, usizitumie kufuta vumbi.

Nianze na la kukugombeza, kwa kuwa umelingojea. Miaka ishirini na mbili unaichangia hospitali na hujawahi kuiuliza bei! Ninyi watu wa Tarbox nawajua, mume wangu marehemu alikuwa wa huko, mtu anaendesha gari saa mbili kuokoa dola kumi kwenye tairi, anarudi anasimulia mwezi mzima, halafu anaingia hospitali anasaini karatasi asiyoisoma kwa sababu ataonekana mchoyo. Uchoyo wa nini? Kuuliza si ujinga, na wala si usaliti. Muuza kuni ukimuuliza bei hasemi umemzika. Nawe tafadhali usimfiche mumeo mgonjwa kama bidhaa ya magendo. Mficha uchi hazai, na mficha goti hapandi ngazi.

Hilo basi limekwisha. Sasa tuje kwa Bernadette.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na nimecheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye uji. Verna, nani duniani anampelekea mgonjwa wa figo wa pwani tambi na jodari, anatia ndani uma mbili? Everett hana uma nyumbani kwake? Anazo. Na kama ni za Everett na mkewe, mbona hukumtaja mke? Uma mbili ni za watu wawili ndani ya gari. Na vitambaa vya kufutia mikono je, Everett hana sinki? Na mama mwenye akili zake anainama dirishani kumwonya dereva kuhusu daraja ambalo liko njia ya Kennard, nawe unasema maskini anachanganya mambo! Kisha anauliza goti, wiki baada ya wiki, goti, goti, nawe unamrekebisha, figo, shoga, figo. Mwanangu, kwenye nyumba zile mbili zinazogawana uzio kuna mmoja ambaye akili zake zimelala, na si Bernadette.

Jiulize, Del alikwenda Kennard na barua ya daktari, sivyo? Hawampigi mtu MRI bila barua. Na barua hiyo ilitokaje hospitali ya Tarbox kwenda Kennard? Ilitembea kwa miguu? Wewe mwenyewe umeniandikia, kwa mkono wako, kwamba barua zote zinazoingia na kutoka zinapita dawati la nani.

Alijua kabla hujafungua mdomo. Alisimama pale kwenye uzio akakusikiliza unamtia ugonjwa Everett wa watu, na hakuweza kukwambia neno, kwa sababu anachokiona mtu wa hospitali kwenye karatasi za mgonjwa haruhusiwi kukisema, hata kwa mke wa mgonjwa, hata kwa shoga wa miaka arobaini. Angekisema angepoteza kazi, tena kwa haki. Sheria imemfunga mdomo. Mikono haijamfunga, kwa hiyo akapika. Akakuombea kanisani, nawe ukadhani anamwombea Everett. Wiki nane amekuuliza goti linaendeleaje, na wiki nane umemnyima jibu, na yeye anataka kujua tu kama rafiki yake bado analala juu peke yake.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wa kwako alikufaa kwa tambi. Unaogopa kumpoteza mtu aliyekuona unakwenda akakupashia chakula cha njiani.

Naweza kuwa nimekosea. Niliwahi kukosea mwaka wa tisini na nane, kuhusu yule mwanamume wa Bangor na mbuzi wake, na nikaomba radhi hapa hapa. Lakini uma mbili ni uma mbili.

Sasa hotuba. Ulimwelewa Bwana Lyle vizuri mno, na Bernadette hukumwelewa kabisa. "Ukiona mahali hapasemi kweli, kalamu unayo." Hiyo si habari ya makosa ya uandishi, Verna. Na alipokuwa akiikoroga kachumbari wakati ninyi mnapiga makofi, hakuwa anakubaliana na mtu. Amekaa kwenye dawati hilo, yeye ndiye anayeziandika zile bei kwa mkono wake na kuwakabidhi watu anaowajua kwa majina, anawaangalia nyuso zinavyobadilika. Hawezi kwenda Augusta, amebakiza mwaka mmoja na nusu. Wewe unaweza, umebakiza maharage tu, na hayo hakuna mkurugenzi wa kukuachisha.

Hospitali yenu naipenda, na usiende kuitukana. Siku Del atakaposhikwa na moyo theluji ikiwa magotini, Kennard itakuwa mbali na Tarbox itakuwa hapo. Hilo liseme, ni kweli, na wale wanaodhani dawa ya kila kitu ni kuendesha gari kwenda mji wa pili hawajawahi kuendesha gari huku mwezi wa pili. Lakini sema na lile lingine. Umeniandikia kwamba shirika la mjini lilinunua hospitali miaka mitatu iliyopita. Mimi nina mjukuu huko kwenu Tarbox. Nakumbuka wodi ya wazazi ilifungwa mwaka uliofuata, na kitukuu wangu alizaliwa wapi? Kennard. Sasa Bwana Lyle anapolaumu wanaokwenda Kennard, muulize kwa heshima nani aliwatangulia kuwafungulia njia. Wanaoizika hospitali hawawezi kuwa ninyi mnaouliza bei, ninyi mmekuwa mkiilisha maharage tangu ikiwa na kitanda kimoja kinachokunjika. Ule mstari wa kwanza ufute. Andika badala yake, "Sisi wa Tarbox tunaipenda hospitali yetu, ndiyo maana tunataka kuiona bei yake." Kisha waambie mia nane na ishirini, waambie elfu tatu na mia nne, waambie jina lako liko la tatu kutoka juu. Keti. Usiongeze kitu, maana wewe ukiongeza utafika kwa bata mzinga.

Kuhusu goti lenyewe, usikimbilie Kennard wala usikimbilie Tarbox. Rahisi inavunja upishi, na mtu hanunui goti kwa kuangalia bei peke yake. Nenda na Del, waziwazi, mchana, mlango wa mbele, uiombe hospitali yako bei ya kazi nzima kwa maandishi, ya daktari, ya mtu wa usingizi, ya chumba, ya mazoezi ya baadaye, yote. Haki hiyo unayo, huombi hisani. Uliza pande zote mbili daktari anabadilisha magoti mangapi kwa mwaka na wangapi wamerudi na kidonda. Halafu weka karatasi ya Kennard mezani kwa Bwana Lyle umwulize kama anaweza kuikaribia. Mpe nafasi ya kwanza, kwa miaka ishirini na mbili ya kuzoeana. Akishindwa, nenda Kennard kichwa juu. Huenda akaweza. Wauzaji wengi hugundua wanaweza siku mnunuzi anapovaa koti lake.

Del nimemwelewa na nampenda bila kumwona, lakini ushauri wake wa Everett kukohoa nauona ni wa mtu anayetaka kukaa kwenye kochi. Everett mpigie simu leo. Mwambie ukweli, atacheka mpaka aangushe shoka. Kisha nenda kwa Mchungaji umwambie amtoe kwenye orodha na amwandike Del, mwenye goti, kwa jina lake. Mchungaji amesikia makubwa kuliko hayo. Yule bibi wa miaka tisini usimwambie kitu. Everett azivae soksi, amezifanyia kazi bila kujua.

Sasa simama, nenda kwenye friji, lishushe lile bakuli. Lioshe, linaweza kuwa na vumbi hata kama kibao hakina. Lijaze maharage yako, ya moto, lifunge taulo lile lile. Usiandike barua, usijifunze maneno njiani, uzio wenyewe ni hatua kumi na utayasahau. Gonga mlango wa Bernadette, na akifungua usimrekebishe atakachouliza. Atauliza goti. Mjibu goti.

Na ndani ya taulo weka uma mbili.

Bibi Almeda